Nesi Vumilia na Vitenge Viwili

Mtoto wako mchanga unamlazaje: chali, ubavu au kifudifudi?

Usijibu haraka. Wengi hawajui. Wanajua alizaliwa na kilo ngapi na amechukua pua ya babu yupi, lakini ukiwauliza jana mchana alilala vipi, baba anamtazama mama, na mama anamtazama bibi.

Nesi Vumilia huliuliza swali hilo kila Jumanne, siku ya kliniki, akiwa amesimama mbele ya benchi la akina mama kwenye zahanati ya kijiji kimoja kando ya barabara iendayo Katoro. Huliuliza ghafla, mikono kiunoni, na wanawake huinamisha vichwa kama wanafunzi waliosahau daftari nyumbani.

Ni mwanamke mfupi, mnene kiasi, mwenye mwendo wa haraka. Alizaliwa Mhunze, akasomea uuguzi Kolandoto, na alipopangiwa kijiji hiki alikuja na sanduku moja na mwanawe Davis mgongoni, akidhani atakaa mwaka mmoja. Imetimia miaka ishirini na miwili, na Davis ana ndevu. Watoto aliowapokea kwa mikono yake wameshaanza kumletea watoto wao. Hawezi kumpita mtoto mchanga bila kumnusa utosini. Anasema hakuna mkate duniani unaonukia hivyo. Asubuhi hunywa chai ya rangi na matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa kisha vikakatwa na kukaushwa, na ole wake dereva wa bodaboda atakayepiga honi dirishani wakati kuna mzazi amelala.

"We kijana! Hii ni wodi, si harusi!"

"Samahani, Mama Davis!"

"Hiyo samahani izime na injini!"

Wodi yenyewe ni chumba kimoja chenye vitanda vitatu vya akina mama. Cha mtoto hakuna hata kimoja. Malori ya mawe ya dhahabu hupita mbele ya zahanati mchana kutwa, na vumbi lake huingia wodini likatua juu ya mashuka. Dhahabu inapita, vumbi linabaki, na katika miaka yote hiyo hakuna mkubwa aliyeona kwamba mtoto anayezaliwa juu ya ardhi tajiri namna hii anastahili angalau kisanduku cha mbao cha kulalia. Kilicholetwa ni picha ya kubandika ukutani. Mtoto amelala chali, peke yake, kwenye kitanda cheupe chenye vizuizi pande zote, katika chumba kipana kama darasa.

"Nesi, kitanda hicho kikiingia kwangu, itabidi mimi na baba yake tutoke," alisema mwanamke mmoja siku ile picha ilipobandikwa, na benchi zima likaangua kicheko.

Vumilia alicheka nao. Kisha akaibandua picha, akaiweka mezani kifudifudi.

"Haya, tuzungumze nyumba zetu. Una kitanda kimoja na chandarua kimoja. Sawa. Mtoto alale chali, mchana na usiku, hata akisinzia dakika kumi. Alale upande wako, si katikati yako na baba yake. Mto ondoa. Blanketi zito ondoa. Uso usifunikwe. Jiko la mkaa likae nje, hata kama mvua inanyesha. Na baba akiwa amekunywa, au ametoka duarani, huko kwenye mashimo ya dhahabu, amechoka kama gunia, kitanda chake siku hiyo ni mkeka."

"Na sisi tukichoka je?"

"Ninyi mlianza lini kuchoka? Mwanamke wa huku hachoki, anazimika tu."

Walicheka tena, lakini walisikiliza. Ndiyo kazi yake aliyoipenda kuliko zote, hiyo ya Jumanne, kwa sababu alijua kwamba mtoto anayekufa usingizini hapigi kelele wala haoneshi homa. Hakupi nafasi ya kumkimbiza popote.

Hayo yalikuwa maneno ya mdomo wake. Mikono yake ilisema mengine, na hakuna aliyekuwa amegundua, hata yeye mwenyewe.

Alipoanza kazi, nesi mkubwa aliyempokea alimwonyesha namna ya kumlaza mtoto aliyezaliwa muda huo: ubavu, kitenge kilichoviringishwa nyuma ya mgongo, kingine mbele ya kifua, ili asibiringike, na akicheua maziwa yamtoke pembeni. Ndivyo ilivyoaminika wakati ule. Vumilia aliviringisha vitenge hivyo mamia kwa mamia ya mara. Miaka ikapita, ikaja barua kutoka wilayani: watoto walazwe chali. Aliisoma, akaielewa, akaanza kuifundisha. Lakini barua husomwa kwa macho. Hakuna mtu aliyetumwa kuja kusimama naye wodini, akaushika ule mkono uliozoea na kumwambia, hapa, dada, acha. Nesi ni mmoja, wazazi ni wengi, na anayemkagua hukagua daftari. Kwa hiyo baada ya kila uzazi, akiwa amechoka, akiwaza kitovu na damu na kondo la nyuma, mikono ilijiendea yenyewe. Ubavu. Kitenge nyuma. Kitenge mbele. Halafu makofi mawili madogo juu ya kitenge cha nyuma, kukikaza.

Akina mama walisikia ya Jumanne. Waliyoyaona wodini ndiyo waliyokwenda nayo nyumbani.

Kudra alijifungua mwishoni mwa masika. Alikuwa binti wa mzee Akida, mwenye duka la vitambaa mjini Katoro, na alikuwa ameolewa na Abel, kijana wa Kisukuma anayefanya kazi kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Mtoto wakamwita Bujiku, kwa kuwa alizaliwa usiku. Waliishi nyumba moja na mama yake Abel, Mariana, mjane mrefu mwenye sauti ya kuita ng'ombe, ambaye hakuwahi kuficha kwamba angependa mkamwana anayejua kukamua.

Bujiku alikuwa na wiki sita siku Abel alipoingia uwanja wa zahanati juu ya bodaboda, Kudra nyuma yake, peku, mtoto kifuani.

"Nesi! Nesi, hapumui!"

Alikuwa anapumua, kidogo sana. Midomo ilikuwa ya rangi ya majivu. Kudra alikuwa amemwacha kitandani saa nane mchana akatoka uani kufua, na aliporudi alimkuta amejigeuza, uso umezama kwenye kitenge. Vumilia alimlaza mezani, akamsugua mgongo, akampulizia hewa kwa kifaa cha mkono, na muda wote huo alikuwa akimsemesha.

"Bujiku, baba, njoo. Njoo hapa. Usinifanyie hivyo, baba."

Mtoto alikohoa. Akanyamaza. Kisha akalia, kilio chembamba cha hasira, na Vumilia, ambaye hakuwa mtu wa kulia mbele ya wagonjwa, aligeukia dirisha akajifuta uso kwa kiganja.

Gari la wagonjwa liliwapeleka kituo cha afya. Walikaa huko siku mbili chini ya uangalizi, daktari akasema mapafu ni mazima na moyo ni mzima, wamrudishe nyumbani. Lakini nyumbani kulikuwa na swali linalowasubiri: nani alimfanya mtoto hivi? Na Mariana alikuwa na jibu tayari.

Vumilia alifika kwao siku hiyo hiyo waliyorudi, jioni, jua likiwa bado juu. Mlangoni palikuwa na begi la nguo limefungwa. Mariana alikuwa ameketi kwenye kigoda, Bujiku mapajani. Abel alikuwa ameegemea ukuta, vumbi la karasha bado kwenye nyusi, anatazama viatu vyake. Kudra alikuwa ukingoni mwa kitanda, macho makavu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mayu," Mariana aliitikia, akimwita mama kwa Kisukuma. "Umekuja wakati mzuri, uwe shahidi. Huyu anarudi kwao. Baba yake nimeshampigia simu, kesho asubuhi anakuja kumchukua. Mtoto anabaki."

"Anabaki anyonye nini?"

"Ng'ombe wapo."

"Bujiku si ndama, mama."

"Afadhali angekuwa ndama. Ng'ombe halalii mtoto wake."

"Sikumlalia, mama," Kudra alisema taratibu. "Nilikuwa uani nafua."

"Basi ulimtupa."

"Mama, haya si tulishayaongea..." Abel alianza.

"Wewe nyamaza! Wewe ukilala, hata hilo karasha lako likiingia chumbani husikii."

Vumilia alivuta ndoo tupu, akaigeuza, akaikalia. Alikuwa amekuja kuuliza jambo moja tu.

"Mama Bujiku, nionyeshe ulivyomlaza siku ile. Usinieleze. Nionyeshe."

Kudra alimtazama kwa namna ya ajabu, kama mtu anayeomba asiulizwe. Halafu akasimama, akachukua taulo, akalikunja likawa na ukubwa wa mtoto. Akalilaza ubavu. Akaviringisha kitenge, akakiweka nyuma. Akaviringisha kingine, akakiweka mbele. Na mwisho, bila kufikiri, akakipiga kile cha nyuma makofi mawili madogo.

Vumilia aliyatambua makofi yale mawili kama mtu anavyoitambua sauti yake mwenyewe ikisikika kwenye simu.

"Umeona mambo hayo?" Mariana alisema. "Mtoto amezungushiwa mavitambaa kama chungu kinachosafirishwa! Nani alikufundisha upuuzi huu? Mama yako?"

"Hapana, mama."

"Nani?"

"Hakuna mtu. Nilijiamulia mwenyewe."

Alisema hivyo akitazama sakafu. Mtu ambaye neno lake moja lingemwokoa alikuwa amekaa hatua mbili kutoka kwake, na hakumgeukia hata mara moja.

Ilikuwa rahisi sana kunyamaza. Vumilia alikuwa mgeni wa heshima. Angeweza kushauri, kunywa maji, kuaga. Kijiji hiki kina masikio. Likitoka humu ndani, litafika kisimani kabla yake, na Jumanne nani atakaa kwenye lile benchi? Miaka ishirini na miwili ilikuwa imejengwa juu ya kitu kimoja tu: kwamba nesi anajua. Akalitazama begi mlangoni. Akamtazama yule binti, mwenye umri wa Davis wake, anayefukuzwa kwa kosa ambalo hakulitunga.

"Ni mimi," alisema.

"Wewe nini?" Mariana aliuliza.

"Mimi ndiye niliyemfundisha. Kwa mdomo nilimwambia chali, na ndivyo inavyotakiwa. Lakini Bujiku alipozaliwa, mimi mwenyewe nilimlaza hivi hivi, mbele ya macho yake, kwa vitenge hivi hivi, na hayo makofi mawili ni yangu. Amefuata mikono yangu. Kosa ni langu, mama. Mkamwana wako ni mwanafunzi mzuri kuliko mwalimu wake."

Abel aliinua uso kwa mara ya kwanza. Kudra alikaa kitandani, na sasa machozi yakaja, mengi, bila sauti.

Mariana aliponena, sauti ilikuwa ya chini, na hiyo ilitisha kuliko ile ya kuita ng'ombe.

"Nesi wa miaka ishirini na miwili. Wajukuu wangu wangapi wamepita mikononi mwako?"

"Watano. Bujiku ni wa sita."

"Wote uliwafunga hivi?"

"Wote."

"Na sasa unakuja na chali. Chali atapaliwa. Chali anashtuka, anatupa mikono kama anaanguka. Mimi saba wote niliwalaza kifudifudi, na walilala kimya."

"Saba?" Abel aliuliza. "Mama, sisi tuko sita."

Nje ng'ombe walikuwa wanarudi, kengele zao zinasikika kwa mbali. Mariana alimtazama mtoto mapajani mwake, akamrekebisha kofia ambayo haikuwa na kasoro.

"Alikuwepo mmoja kabla yako," alisema. "Alilala vizuri, amenyonya. Nilikuwa shambani, nimemwacha na shangazi yako. Waliponiita alikuwa ameshapoa. Mama wa baba yako alisema nimemlalia. Sikuwa hata ndani ya nyumba, lakini ndivyo alivyosema mpaka anakufa."

Akasimama. Akampa Vumilia mtoto, akachukua fimbo yake, akatoka kwenda zizini. Begi hakuligusa.

Vumilia alibaki na wazazi wawili na kazi yake. Alimnusa Bujiku utosini, akaviondoa vitenge vyote viwili kitandani, akaulaza mkono wake mbele yao, kana kwamba ndio koo la mtoto.

"Akilala chali, njia ya hewa inakuwa juu, njia ya chakula chini. Maziwa yakirudi, yanashuka yalikotoka. Atakohoa, atameza, basi. Akilala kifudifudi mambo yanageuka, na uso hauna pa kukimbilia. Huko kushtuka kunakowaogopesha ni mwili unajiamsha. Mwacheni ajiamshe. Ubavu nao usiuamini. Wiki hii yuko ubavu, wiki ijayo amejigeuza."

"Na kichwa hakitakuwa bapa?" Kudra aliuliza, akijifuta kwa ncha ya khanga.

"Akiwa macho, mlaze kifudifudi mapajani kwako, mcheze naye, umtazame. Kichwa kitakaa sawa. Akisinzia tu, chali."

"Na mimi?" Abel aliuliza.

"Wewe ukitoka kwenye karasha, mkeka."

"Nesi, nifukuzwe kwenye kitanda nilichokichonga mwenyewe?"

"Na mkeka nao utausuka mwenyewe."

Kudra alicheka, kicheko kifupi kilichochanganyika na kwikwi. Halafu akatazama mlango, na kicheko kikaisha. "Baba anakuja kesho, nesi. Akifika na kukuta begi liko nje, hataniacha hapa hata kama mimi nataka. Mimi namjua."

Vumilia alimlaza Bujiku chali kitandani, akaaga. Alirudi zahanati moja kwa moja, akaingia wodini, na kwenye kitanda cha katikati akamkuta mtoto wa siku moja amelala ubavu kati ya vitenge viwili alivyoviweka yeye mwenyewe asubuhi ile ile. Mama yake alishangaa kumwona nesi anaviondoa, anamlaza mtoto chali, kisha anabaki amesimama.

"Nilikosea," Vumilia alimwambia. "Uliyoyaona asubuhi yasahau. Jumanne nitawaambia wote, lakini wewe nakuambia leo. Sasa mlaze wewe, nikuone."

Asubuhi yake, kabla ya kufungua zahanati, alipita tena kwa Mariana. Hakuwa amealikwa. Pikipiki ya mzee Akida ilikuwa imesimama uani, bado inatoa joto, na mwenyewe alikuwa mlangoni, kofia yake iliyodariziwa kichwani, begi la binti yake miguuni.

Mariana alikuwa amesimama kizingitini, ameujaza mlango wote.

"Nimekuja kumchukua mwanangu," Akida alikuwa anasema. "Mlinipigia simu wenyewe."

"Punguza sauti."

"Sipunguzi! Mwanangu anatuhumiwa kutaka kuua mtoto, na mimi nipunguze sauti?"

"Nimesema punguza sauti, mzee. Aliyekupigia simu ni mimi, na nilisema ovyo. Binti yako hajalala siku nne. Ukimwamsha tutapigana hapa hapa, mimi na wewe, na watu watatuona."

Juu ya bega lake Vumilia aliona ndani. Abel alikuwa mkekani, mdomo wazi. Kudra alikuwa amelala kitandani usingizi mzito, mkono umening'inia nje. Kando yake, upande wa ukingo, kigoda kikiwa kimesogezwa kuziba pale mtoto angeweza kuanguka, Bujiku alikuwa chali, uso wazi, bila mto, bila kitenge, kifua kinapanda na kushuka.

Mariana alimwona nesi. Hakumsalimu. Alimwinulia kidole kimoja, anyamaze, kisha akamgeukia tena yule mzee na kujisogeza kando kidogo, nafasi ya mtu mmoja kupita.

"Anashtuka, anatupa mikono," alimnong'oneza Akida. "Nesi anasema ndivyo inavyotakiwa. Mimi nimekesha naye, macho yananiuma. Ingia unisaidie kumtazama."

Akida alilitazama begi. Akavua viatu, akaingia, akakaa sakafuni karibu na kichwa cha mjukuu wake.